Ajenti wa Komine Alikuya Kwangu Kama Bwana, Akanawa Mikono na Mayi Nyekundu

Jambo yenu bakuu, batata, bamama, na bajukuu bote munashinda humu ndani na simu ku mukono.

Mi ni kambo. Ni bibi, ni nyanya, muniite vile munataka. Niko Kolwezi. Masomo yangu iliishia ku primaire, njo maana naandika vile nasemaka. Mwenye kutaka Kiswahili ya Unguja, aende Unguja.

Hii nitaeleza hapa ni kweli tupu. Niliona na macho, nilicheka na meno yenye ilibaki, na kama kuna bubeshi ndani, bukari (njo ugali) ya leo inikwame mu koo.

Na nawaambia mbele: ni habari ya furaha. Mupaka leo nikiwa ku soko ya Manika nasimama tu katikati ya njia, nakumbuka, nacheka peke yangu. Batu banasema, "Huyu mama, kichwa imeruka."

Haya, tuanze.

Kartie yetu, njo mutaa, iko pembeni ya muji, chini ya kilima. Pale chini kuna kisima, jina yake Kamweji. Haiko kisima ya kuchimba na mashini. Ni mayi inatoka yenyewe mu mawe, baridi mupaka meno inauma, inajaza shimo, kisha inashuka polepole mupaka ku mashamba yetu ya lengalenga, muchicha yenu, na matembele.

Batoto yangu bote balikunywa pale. Bajukuu yangu pia. Moja leo ni mwalimu kule Kasaji. Mwingine iko Kisenge, anatengeneza mashini kubwa kubwa. Mudogo wao anapiga ngoma ku kanisa mupaka mabati inatikisika. Muangalie bale batoto: meno meupe, migongo imesimama. Ni Kamweji ile.

(Najua mutasema kila kambo anasifuka bajukuu yake. Ndiyo. Lakini bangu ni bazuri kushinda, nitafanya nini?)

Sasa huku kwetu bijana banachimbaka kuivre, njo shaba, na kobalti. Tunabaita bakreseri. Mi sibachukie. Ni batoto ya batu, banatoka Kasai, banatoka Kivu, banatafuta chakula. Lakini mawe ikitoka mu shimo iko na udongo, lazima ioshwe. Mahali pa kuoshea tunaita lavaji.

Patron moja, tumuite Dido, akaweka lavaji yake juu ya kilima, na mapampu ya kuvuta mayi. Juu kabisa ya kisima yetu.

Munafahamu uchafu ile ilienda wapi. Mayi haina akili ya kupanda.

Siku ya kazi Kamweji inakuwa nyekundu kama matofali. Unaingiza ndoo, unatoa supu ya nyanya. Batoto banaoga, kisha banajikuna mupaka damu. Lengalenga yangu ikashika vumbi nyekundu ku majani, bakiliya, banunuzi yangu, banauliza, "Kambo, hii unauza mbichi ao uliipika tayari?"

Leo nacheka. Wakati ile sikuchekaka.

Tukaenda ku komine, njo serikali yetu ya karibu. Komine gani, sisemi. Komine iko na biro ya mazingira, kazi yake ni kulinda udongo na mayi, mutu asiharibu tu vile anataka. Ajenti ya pale ni kijana moja, shimizi (njo shati yenu) nyeupe ya pasi kila siku, sauti polepole kama mutu anaogopa kuamsha mutoto. Akatusikiliza. Akaandika. Akasema, "Bamama, nitakuya kukagua."

Na kweli akakuya. Siwezi kusema alikuwa mutu mubaya.

Lakini sheria yao ilikuwa hivi: mbele ya kukagua, lazima babandike avis ku ukuta ya komine. Siku gani, saa gani, mahali gani. Ni tangazo, kila mutu asome, asiseme alishambuliwa.

Na kila mutu alisoma! Patron Dido alisoma wa kwanza.

Siku ile lavaji kimya. Mapampu imelala. Bakreseri banacheza karata chini ya miti. Na Kamweji, ile musaliti, inajisafishaka kwa usiku moja tu. Asubuhi mayi inang'aa. Ajenti akainama, akachota na kiganja, akaonja, akaandika: mayi safi.

Tukarudi kulalamika. Avis ikabandikwa tena. Akakuya tena. Mayi inang'aa tena.

Jirani yangu Mama Kapinga, mwenye anauzaka samaki, mudomo yake haina breki. Alibeba bidon ya mayi nyekundu ku kichwa mupaka ku biro, akaiweka juu ya meza, pum! Patron Dido alikuwa pale amekaa, muguu juu ya muguu. Akasema, "Huyu mama alichanganya na udongo ya nyumba yake."

Mama Kapinga akamujibu, "Nikuchanganye na we, tuone utapata rangi gani!"

Bakatutoa inje bote, na bidon yetu.

Picha ya simu? Tulipiga nyingi. Patron akasema ni picha ya mahali pengine. Unaona? Macho ya bamama haiko macho. Tulihitaji macho ya komine, na macho ya komine inatembeaka na tangazo mbele.

Kisha habari mubaya yenyewe ikafika.

Patron Dido aliomba komine imupatie kilima yote, kutoka juu mupaka ku mudomo ya kisima. Akate miti, apanue lavaji. Na komine ikajibu: sawa, kama ajenti ya mazingira ataweka signature kwamba kazi ile haitaharibu udongo na mayi. Kikao ni siku ya tano, njo Ijumaa yenu.

Na ajenti angekataa juu ya nini? Yeye mwenyewe kila mara aliandika mayi safi.

Bakuu, mutu mwenye anajua udongo anajua. Miti ile ikikatwa, kilima ile ikifunguliwa na mapiki, Kamweji haitakuwa nyekundu tena. Haitakuwa kitu. Itakauka, tutabaki kununua mayi ya bidon kama batu ya hoteli, na mashamba ya bamama kumi na kitu itakuwa vumbi.

Siku ile nilikaa ku mulango, sikupika.

Tata Ramazani akapita. Ni jirani, familia yao ilitoka Maniema, iko na kamyo inapeleka bidhaa mupaka Kasaji. Yeye anachota mayi ya kutawaza pale pale Kamweji. Alikuwa na birika yake, na uso ya hasira.

"Kambo," akasema, "mayi hii natawaza nayo namna gani? Mukono inaingia safi, inatoka muchafu."

Nikamueleza mambo ya signature. Akatikisa kichwa. Kisha akasema tu, kama mutu anasema habari ya mvua, "Na huyu Kabwita anaonekana kijana muzuri."

"Kabwita nani?"

"Ajenti. Jina iko ku mulango ya biro. Kabwita."

Bakuu, nilisimama. Magoti ile inaniumaka, siku ile haikuuma.

Kabwita ni jina ya marehemu bwana yangu.

Sasa nyinyi ya Dar, ya Nairobi, ya Mombasa, mungoje kidogo nieleze, juu pasipo hii hamutafahamu kitu.

Huku kwetu mutu mwenye anabeba jina ya mwingine ni majina yake. Haiko jina ya mudomo tu. Majina ya baba yako akiingia mu nyumba, unamusimamia kama baba, hata kama ni mutoto iko na kamasi. Na majina ya bwana yangu ni bwana yangu. Namutania, namuomba sabuni, namugombeza juu anakawia kurudi. Yeye naye ananijibu kama bwana, ananiita mukazi, njo muke. Batu banacheka.

Lakini ndani ya kicheko ile kuna kazi. Nikifanya ukumbusho ya marehemu na majina iko karibu, lazima nimuite, na yeye lazima akuye. Anakaa ku kiti ya marehemu, ananawa wa kwanza, anakula wa kwanza. Akikataa, ni kama marehemu njo amekataa nyumba yake. Hakuna mutu ya huku anaweza kulala vizuri na ile.

Basi kesho yake nikavaa kikwembe yangu ya sikukuu, nikapanda taxi-moto, mupaka ku komine.

Sikuenda ku dirisha ya malalamiko. Nilisukuma mulango ya biro, batu bamejaa mule, nikapiga kelele:

"Kabwita! Bwana yangu! We ulikufa, ukafufuka, ukapata kazi ku komine, na kurudi ku nyumba hapana?"

Biro yote ikageuka. Hata feni ku ukuta niliona kama ilisimama.

Kijana akaniangalia. Na mi namuangalia. Kusema kweli niliogopa. Bijana ya leo, bengine balikomalia mu mabiro, ukibatania namna ile banakuitia polisi.

Akaweka bic yake, ile kalamu, chini.

"Mukazi yangu," akasema na ile sauti yake ya polepole, "nilikutafuta sana. Lakini mbona ulizeeka hivi?"

Wee! Biro ikalipuka! Sekretere akaanguka juu ya mashini yake. Muzee moja alikuya kuomba karatasi ya kiwanja akapiga makofi, akasema, "Amekubali! Amekubali mbele ya batu!" Mi nikapiga bigelegele mule mule ndani, na mulinzi akakuya mbio, akafikiri kuna harusi.

"Nilizeeka juu ya kukungoja," nikamuambia. "Siku ya tatu ni ukumbusho yako. Kuku itakufa. Kuya kukaa ku kiti yako."

"Nitakuya, mukazi. Munkoyo isikose." (Munkoyo ni kinywaji yetu ya mahindi.)

Kuna mutu atauliza hapo chini: kambo, ile ukumbusho ilikuwa ya kweli ao ya kumutega? Ilikuwa ya kweli! Tunaifanyaka kila mwaka. Mwaka ile niliisogeza tu mbele kidogo. Marehemu haangaliake kalenda.

Na hakuna mutu alibandika avis ku ukuta kwamba Kabwita anaenda kula kuku ku mukazi yake.

Siku ya tatu ikafika. Njo Jumatano yenu.

Tangu asubuhi tulisikia mapampu ya Patron Dido juu ya kilima, vuuuu, vuuuu. Miaka yote nilichukia ile sauti. Siku ile ilikuwa tamu kama ngoma ya mujukuu yangu. Nilikuwa nakata sombe, kisamvu yenu, nacheza.

Mama Kapinga nikamupa kazi ya mayi. "Usichote asubuhi," nikamuambia. "Uchote wakati bwana anakaa. Mayi ya saa ile ile."

"Nichuje kidogo?"

"Ukichuja nitakuchuja we."

Ajenti akafika na taxi-moto. Shimizi nyeupe mupya kabisa, inaumiza macho. Na akaleta sabuni! Kipande kizima, imefungwa na karatasi, kama bwana wa kweli. Nyumba yote ikashangilia. Kijana alikuwa na adabu, niliona nimepata bwana muzuri kushinda vile nilifikiri, na roho ikaanza kuniuma kidogo juu ya ile shimizi.

Bamama bakamuzunguka na utani. "Shemeki, umekonda huko kaburini!" "Shemeki, kule hakuna bukari?" "Shemeki, ulituacha na madeni ya munkoyo!" Yeye anajibu kila moja, anacheka, masikio imekuwa nyekundu.

Tukamukalisha ku kiti ya marehemu. Tukamuvalisha kofia ya marehemu. Kichwa ya bwana yangu ilikuwa kubwa, Mungu amulaze, kofia ikashuka mupaka ku nyusi ya huyu mudogo.

Sasa ku familia yetu, majina ananawa hivi: anafunga macho, anatoa mikono miwili, banamumwangia mayi, na yeye anajipangusa uso yote. Kisha anafungua macho, anasema, "Nimefika." Njo chakula inaanza.

Mama Kapinga akakuya na birika, amefunika na kitambaa cheupe. Uso yake ya kanisa. Nilikuwa nauma midomo.

Kabwita akafunga macho. Akatoa mikono.

Mama Kapinga akamwanga.

Bakuu! Nyekundu! Kwa vidole, kwa mikono ya shimizi, inashuka mupaka ku viwiko. Na kijana, macho imefungwa, anafuata desturi muzuri kabisa: akajaza viganja, akajipangusa paji, mashavu, shingo. Akafanya na roho yote. Akapangusa tena.

Akafungua macho.

"Nimefika," akasema.

Alikuwa kama tofali imevaa kofia.

Akaona nyuso zetu. Akaangalia mikono yake. Akaangalia shimizi.

"Hii ni nini?"

Nikamuambia polepole, na sauti yake ile ile ya polepole: "Ni mayi ya nyumba yako, bwana. Mama Kapinga aliichota Kamweji sasa hivi. Ile uliandika ni safi."

Hapo, bakuu, kicheko yangu ilikwisha. Juu niliona taya yake inakaza. Nikasema mu roho: mama, umeharibu. Mutu mwenye umeaibisha mbele ya batu anaweza kusimama, aende zake, na siku ya tano aweke signature na hasira. Kisima yote ya kartie niliiweka juu ya uso ya kijana moja, na uso ile sasa ilikuwa na matope.

Akaangalia kuku ku meza. Kuku ilikuwa inanukia, mafuta inang'aa. Akaniangalia mi.

Kisha bega yake ikaanza kutikisika. Nilifikiri analia. Alikuwa anacheka! Anacheka bila sauti, mupaka kofia ikaanguka, akaiokota, akaivaa tena.

"Mukazi yangu," akasema, "we ni mutu mubaya sana. Tuende."

"Wapi?"

"Ku mayi yangu."

Tukapanda kilima bote. Tata Ramazani mbele na kanzu, bamama nyuma na vijiko ku mukono, mutu moja alibeba munkoyo juu aliogopa itakunywewa. Tunaimba nyimbo ya ukumbusho lakini mbio mbio, kama ya mupira.

Tukapita ku Kamweji: inachemka nyekundu. Kabwita akasimama pale, akaangalia. Tukapanda mupaka juu.

Lavaji ilikuwa imeshika moto. Mapampu inanguruma, magunia ya mawe, bijana mu mayi mupaka ku mapaja, na tope inashuka kwa mufereji kama uji. Patron Dido amekaa chini ya parasol, ile mwavuli kubwa, anakula mukate na sardini. Akaona ajenti: kofia ya muzee, uso nyekundu, kartie muzima nyuma. Sardini ikabaki mu mudomo.

"Ajenti! Avis iko wapi? Pasipo avis, hakuna kukagua!"

"Sikuya kukagua, Patron. Leo mi ni bwana ya huyu mama. Nilikuya kunawa mikono."

"Basi rudi ukale!"

"Nirudi nile na hii?" Akamuonyesha mikono miwili.

Mama Kapinga akatokea na birika. "Patron, ulisema mi nachanganyaka na udongo ya nyumba yangu. Mayi ni ya mufereji yako, angalia. Kunywa kidogo. Kidogo tu, tuone."

Patron akarudi nyuma. Akasema ana tumbo.

Na hapo kreseri moja, mulefu, mwenye amesimama mu tope, akasema, "Kunywa tu, Patron. Siye njo tunakunywaka ku Kamweji kila siku tukitoka kazi." Bijana bote bakacheka, lakini kicheko ile haikuwa ya kumusaidia Patron. Mi sikujua. Tulifikiri bale bijana ni maadui, kumbe banashuka jioni banakunywa uchafu ya mikono yao wenyewe.

Kabwita akatoa simu, akaita bourgmestre, mukubwa ya komine mwenyewe.

"Mukubwa, niko Kamweji. Hapana, haiko kazi, ni ukumbusho yangu. Ndiyo, yangu. Nitaeleza. Mukubwa, kuya sasa, uone na macho. Ndiyo, kuku iko."

Patron Dido kusikia vile, akakimbia kuzima mapampu. Moja, mbili, yote. Kimya.

Sasa Tata Ramazani, mwenye hachekake ovyo, akacheka. "Zima, Patron, zima. Kamweji inasafishaka kwa usiku moja. Mukubwa iko na gari. Atafika mbele ya usiku."

Nilitaka kumukumbatia, lakini ni muislamu wa heshima, nikakumbatia Mama Kapinga.

Bourgmestre akafika na suruali ya suti na buti. Akashuka ku kisima, akaingiza mukono, akautoa. Akaangalia ile rangi muda mrefu. Kisha akauliza, "Nani anakunywa hapa?"

Bamama bakapandisha mikono. Batoto. Tata Ramazani. Bakreseri, bale ya tope, bote. Kisha nikaona mukono moja nyuma ya Patron Dido inapanda polepole: shofere yake.

Hapo njo nilijua tumeshinda.

Tulirudi kula jua ikishuka. Mikono tulinawa na bidon ya Tata Ramazani, alinunua ku muji. Bourgmestre alikula muzuri. Aliangalia sana firigisi ku sahani. Nikamuambia, "Mukubwa, samahani, hata ungekuwa guvernere. Firigisi ni ya bwana." Kabwita akaikula na ile uso yake haijakauka vizuri, na shimizi ile ilifuliwa na sabuni yake mwenyewe mara nyingi, haikurudi nyeupe mupaka leo.

Siku ya tano kikao ilifanyika. Ajenti hakuweka signature. Aliandika kwamba juu ya Kamweji hakuna kuosha mawe, hakuna kukata muti. Akaandika pia kwamba yeye mwenyewe aliandika mayi safi wakati haikuwa safi, juu aliangalia siku zenye alionyeshwa tu. Kusoma ile mbele ya bakubwa haiko kitu kidogo. Nilikuwa nimekaa nyuma. Nilijisikia kama ni mujukuu yangu anapokea diplome.

Lavaji ikahamishwa chini, kupita mashamba yetu, karibu na barabara, na bakalazimisha Patron achimbe mashimo ya kutulizia tope mbele mayi iende ku muto. Alilia sana kwamba atakufa njaa. Hajakufa. Nilimuona juzi, amenona. Bakreseri banafurahi juu magunia haipande tena kilima.

Na ile ya avis? Kwa mayi ya kunywa, komine ilisema ajenti anaweza kufika siku yoyote. Ukuta ibaki na matangazo ya harusi.

Wiki zile za kwanza sikuamini. Kila siku ya kazi nilikuwa naenda mi mwenyewe kuangalia. Safi. Kesho: safi. Nikaita mwalimu wa Kasaji ku simu, usiniulize mara ngapi, "Mujukuu, iko safi!" Akasema, "Kambo, ulinipigia juu ya ile ile jana." Nikasema, "Na leo iko safi tena!"

Kisha siku moja Kabwita akatokea bila kusema, pamoja na binti moja muzuri, nywele imesukwa, viatu ya ofisi. Binti akanisalimia na magoti. Akasema, "Kambo, nilisikia huyu mutu iko na mukazi mwingine. Nimekuya kumuona."

"Njo mi," nikamuambia. "Mukubwa wa nyumba. We ni mukazi mudogo." Nikamupa ndoo. "Mukazi mudogo njo anachota mayi."

Akavua viatu. Akachota. Akaweka ndoo ku kichwa akashuka nayo mupaka kwangu, hakumwanga hata kidogo. Nikamuambia Kabwita, "Huyu, oa." Harusi ni kiangazi hii, na mi nimeshashona nguo.

Sasa funzo, juu humu ndani mutu hawezi kuondoka bila funzo.

Mi nilidhani komine ni nyumba. Unapeleka shida ku dirisha, nyumba inajibu. Hapana. Komine ni batu. Mutu iko na jina, iko na mama, iko na desturi anaogopa kuvunja. Ukimuonyesha uchafu yako kwa karatasi, atasoma. Ukimuita nyumbani kwa heshima, akanawa nayo, atafahamu. Lakini umuite kwa heshima kweli. Ile kuku haikuwa ya bongo, njo uongo, na ukumbusho ya marehemu haikuwa ya bongo. Kama ilikuwa ya bongo, asingecheka. Angeenda.

Na funzo ya pili, kwa bakubwa kama bako humu: kukagua mayi kwa tangazo ni sawa na kumuambia mwizi saa ya kufika.

Haya, nimechoka kidole. Nanyinyi kwenu, bale banaangalia udongo na mayi banafikaka namna gani? Kuna mutu alishamukamata wake namna ingine? Muandike, mi nasoma yote, hata matusi, nitajibu moja moja.

Na bale banasema hapa ni chai, siwezi kugombana nanyi. Mukuye Kolwezi, muulize Kamweji. Siku yoyote, saa yoyote, na musituambie.